Ulikoitoa Hadithi Yako

Kiogoro, Jumapili alasiri

Kerubo mwanangu,

Umekwenda Kisii kusukwa nywele, na kwa vile namjua msusi wako na maneno yake mengi, nina kama saa tatu za kuwa peke yangu na kalamu. Mvua imeanza kupiga mabati. Kesho asubuhi unaondoka kwenda Dar es Salaam, kwa hao watu wa hadithi za simu walioona unavyoandika wakakupa kazi. Sina la kukuambia kuhusu maji ya kunywa, wala nguo za kubeba, wala namna ya kukaa na watu. Mama yako mdogo amekuambia hayo yote mara mbili mbili, na bado anatafuta nafasi ya kuyarudia. Mimi nataka kukuambia kwamba umeniumiza. Na kwamba katika kuumia kwangu nimegundua mimi ndiye niliyetangulia kuumiza watu, wewe ukiwa mmoja wao.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha uliyonianika nayo. Ekegusii cha nyumbani kingeniliza, na sitaki kulia kabla sijamaliza.

Sijawahi kukusimulia nilivyoijua hadithi yako. Ilikuwa ofisi ya walimu, wakati wa chai ya saa nne. Unamjua Mwalimu Moraa wa darasa la nne, yule anayecheka mpaka anashika meza. Kila siku alikuwa akitusomea sehemu moja kutoka kwenye simu yake. "Mke wa Nyumba Tupu", hadithi ya mapenzi ya msichana aliyeolewa na mtu aliyekwisha kufa. Mwandishi alijiita Binti Ukungu. Hatukumjua. Tulibishana kama ni mtu wa Mombasa au wa Tanga, kwa Kiswahili kile. Na mimi, Kerubo, niliipenda. Nilikuwa nasahihisha madaftari ya insha huku sikio langu lote liko kwa Moraa. Siku aliyoumwa jino asije kazini, nilikasirika kama mtoto.

Usiniulize kwa nini sikujitambua mapema. Wanawake walioolewa kama nilivyoolewa mimi tuko kadhaa katika milima hii, ila hatujitangazi. Nilidhani Binti Ukungu alisikia habari ya mmoja wetu. Nilimwonea huruma mwanamke huyo, yeyote yule.

Kisha ikafika sehemu ile ya kiatu. Msichana anavuta kiatu cha marehemu kutoka chini ya kitanda, anaona soli imelika upande wa nje, anajua mumewe alikuwa akitembeaje. Analala na kiatu hicho mkononi mpaka asubuhi. Mkono wangu wenye kalamu nyekundu ulisimama. Kiatu kile nilimwambia mtu mmoja tu duniani, na mtu huyo ni wewe.

Moraa aliweka simu chini. "Haki huyu mama amerukwa na akili," akasema. "Mtu analala na kiatu! Si angetafuta tu mwanaume?" Walimu wote wakacheka, na mimi nikacheka. Nilicheka kwa sauti kuliko wote ili mtu asinitazame. Mpaka leo nikikumbuka nilivyojicheka mbele ya watu naona aibu, na aibu hiyo ni wewe uliyenipa.

Bado hiyo ningeimeza. Iliyonikata ni sauti yako. Ijumaa ile Moraa alituchezea mahojiano, mtu fulani anakuuliza maswali na wasomaji wanasikiliza. Wenzangu hawakukutambua kwa sababu umejifunza kusema kama watu wa redio. Mimi nilikutambua ulipovuta pumzi, kabla hujatamka neno. Akakuuliza, "Binti Ukungu, haya mambo ya mapenzi na mizimu, mawazo yake unayatoa wapi?" Ukacheka. Ukasema, "Aki zinakuja tu. Naweza kuwa naosha vyombo, naona mtu amesimama kwa mlango ananiangalia. Hata mimi sijui zinatoka wapi."

Unajua zinatoka wapi. Zilitoka kinywani mwangu, wodini, ulipokuwa na miaka kumi na sita na mguu wako umewekwa plasta baada ya kuteleza kwenye mtaro wa chai kule kwa babu yako Nyamira. Ulikuwa unalia kwa maumivu kila alasiri, na mimi sikuwa na dawa nyingine ila kukusimulia. Nilikupa kitu ambacho sikuwahi kumpa mtu. Kama ungesema tu, "Nilisimuliwa na mwanamke mmoja", bila jina, bila kijiji, ningekaa nayo. Ulisema hakuna mtu. Nilihisi nimeuzwa, tena na mtu niliyemzaa.

Na nilipokukabili jikoni ulinitazama kana kwamba nakusumbua kazini. "Mama, si ni story tu. Kila mwandishi anatoa kitu mahali. Na jina lako sijaweka." Ukarudi kwenye simu yako. Sijakusamehe bado. Nitakusamehe, ila leo siwezi kukudanganya kwamba nimeshafanya hivyo.

Sasa kwa kuwa huko uendako watakuuliza swali lile lile kila mwezi, acha nikupe jibu. Nitakupa hadithi kama ilivyokuwa, maana ile ya wodini niliipamba, na wewe ukaipamba juu ya pambo.

Umeandika kwamba bi harusi alifika kwenye nyumba tupu jioni yenye ukungu, akamwona kijana mzuri amesimama kati ya migomba, akatabasamu. Kerubo, mimi nilifika saa saba mchana na jua kali. Nilikuwa na miaka ishirini. Baba yangu aliniambia nimeolewa Kiogoro kwa mwana pekee wa mama mjane, mtu mpole, mwenye shamba. Hakusema zaidi. Ng'ombe walikuwa wameshafika kwetu. Nilikaribishwa, nikapewa uji, nikaonyeshwa nyumba mpya yenye mabati yanayong'aa. Nikasubiri. Mwishowe nikamwuliza magokoro wako, yaani huyo mama mjane, mama mkwe wangu, "Na bwana yuko wapi?"

Alinishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba. Kulikuwa na kaburi, nyasi zake zimekatwa vizuri. "Ni huyu," akasema. "Anaitwa Mokua. Mimi sikukudanganya, mwanangu. Baba yako ndiye alinyamaza."

Sikutabasamu. Nilitapika pale pale kwenye migomba.

Magokoro alikuwa na mwana huyo mmoja tu, naye alikufa kwa homa ya mapafu kabla hajaoa, nyumba yake ikiwa imefika kwenye lenta, juu ya madirisha tu. Desturi ya zamani ilimruhusu mama wa namna hiyo kuoa mke kwa jina la mwanawe, ili watoto watakaozaliwa waitwe wa marehemu na boma lisife. Wazee wa kanisa la Sabato hawakutaka hata kulisikia jambo hilo. Walimweka magokoro nje ya Meza ya Bwana mwaka mzima, na kila Sabato alikuja akakaa kiti cha nyuma kabisa, amevaa kitambaa cheupe, akaimba nyimbo zote. Sikumchukia. Baba yangu ndiye niliyemchukia, na chuki hiyo nilikuja kuilipiza kwa mtu asiyehusika.

Nikaanza kuishi katika nyumba ya mtu nisiyemjua. Nilimjua kwa vitu vyake. Kiatu, hicho unakijua. Daftari la kilimo ambalo pembeni alichora kuku wenye miwani. Koti lenye harufu ya moshi na sabuni ya kipande. Magokoro akanisimulia alivyokuwa akicheka, alivyoogopa nyuki. Baada ya miezi nikaanza kumsemesha nikipika. Baada ya mwaka, sikuona haya kusema nampenda. Nilikuwa nikimweleza habari za shule, kwa sababu magokoro alikuwa amenirudisha kusoma mpaka nikawa mwalimu, naye Mokua alisikiliza vizuri sana. Hakuna siku aliyoniambia nimechelewa kurudi nyumbani.

Hapo ndipo hadithi zenu zinapotoka, kama unataka kujua. Ni rahisi mno kumpenda mtu asiyekoroma. Mwanamke aliyewahi kupelekwa mahali bila kuulizwa atafurahi kupata mume asiyeweza kumpeleka popote. Wasomaji wako wanaolia kwenye simu zao wakati wa chai, wengi wana mume nyumbani, na mume huyo anaongea. Moraa mwenyewe, anayecheka hivyo, hufuta machozi sehemu ikiisha. Nimemwona.

Sasa nifike kwa yule uliyemwita Fundi Vidole Tisa.

Katika hadithi yako yeye ndiye mwovu. Seremala mlevi anayekuja kutengeneza milango ya nyumba tupu, anamrubuni mjane, anampa mimba, anatoroka akicheka. Marehemu anarudi kumlipizia kisasi. Wasomaji walifurahia sana sehemu hiyo. Usijilaumu kwa hilo, maana hukuibuni. Ulikuwa na miaka saba uliponiuliza habari za baba, "Mama, kama tata alikufa kabla hujakuja hapa, mimi nilitoka wapi?" Niliona haya, nikajibu haraka, "Alikuwa mtu mmoja mlevi. Alienda zake." Nikaendelea kumenya ndizi. Wodini nikairudia, nikaongeza na kidole alichokatwa kweli na msumeno, ili usinitazame kwa macho ya kuuliza zaidi.

Baba yako aliyekuzaa anaitwa Onchiri. Ni seremala wa Suneka. Hajawahi kuonja pombe maishani mwake. Anaimba sauti ya nne katika kwaya ya kanisa lao. Alikuja kweli kuweka milango na madirisha ya kudumu, magokoro ndiye aliyemwita, na magokoro ndiye aliyeniambia baadaye, bila kuzunguka, kwamba huyo ni mtu mzuri na nyumba inahitaji mtoto. Ndivyo ilivyokuwa katika ndoa za namna hii. Mwanaume anakuja, na mtoto ni wa nyumba. Hana la kudai.

Onchiri alidai. Alinitaka mimi. Alikuja mara tatu kuniomba, kwa heshima, akikaa kwenye kigogo nje ya mlango aliouweka mwenyewe. Mara ya kwanza alisema ndugu zake wako tayari kurudisha ng'ombe wa magokoro, wote, ili nitoke nikaolewe naye kanisani. Na magokoro, unasikia Kerubo, hakunizuia. Aliniambia, "Kama unataka kwenda, nenda. Ng'ombe watarudi, nitalia kidogo, yataisha." Mlango ulikuwa wazi. Mimi ndiye niliyeufunga.

Kwa nini? Nimejiuliza kwa miaka ishirini na minne. Onchiri alikuwa akinuna. Aliwahi kusema ugali wangu ni mwepesi. Alitaka tuhamie Suneka, kwenye nyumba ambayo ningekuwa mgeni tena, na mtu mwingine ndiye angeamua ninakokaa. Mokua hakuwa na ndugu wa kunitazama nikipita, wala mama mkwe mpya, wala hasira. Nikamwambia Onchiri, "Mimi nina mume." Alitazama kaburi, akanitazama, akavaa kofia yake akaondoka.

Mara ya pili nilikuwa na mimba yako ya miezi minane. Mara ya tatu ulikuwa umezaliwa, naye alileta kitanda kidogo cha mvule alichokutengenezea, kona zake zimesuguliwa mpaka laini. Nilikipokea kitanda. Yeye nilimfukuza. Ulilala humo mpaka miguu ikatokeza, nami nikakuambia kilitoka kwa mjomba wako.

Onchiri baadaye alioa, ana wana wawili. Hakunitukana popote. Ningeweza kukaa na uongo wangu mpaka kufa kama hungeuandika.

Mwezi uliopita alikuja shuleni, saa sita, watoto wakiwa wanapanga mstari wa chakula. Sikuwa nimeongea naye tangu siku ya kitanda. Nywele zimekuwa nyeupe. Alisimama mbali na mlango, akaniita "Mwalimu", kama mzazi aliyeitwa kwa utovu wa nidhamu wa mtoto wake.

"Bibi yangu ananisomea hadithi nikipiga randa," akasema. "Ameipenda sana. Mimi pia niliipenda. Halafu kukatokea fundi wa vidole tisa, nikajua ni mtoto wa nyumba ile anaandika."

Niligeuka nikatazama mstari wa watoto.

"Soko lote linaniita hivyo sasa. Vidole Tisa, leo umemwacha nani? Watoto wangu wanasikia. Hiyo si shida, watu watachoka." Alitoa kofia. "Mimi nataka kuuliza kitu moja tu. Mtoto ameandika uongo, ama wewe ndiye ulimwambia hivyo?"

Na mimi, Kerubo, niliyekuwa nimekununia majuma matatu kwa jibu lako la jikoni, nilimtazama mtu yule usoni nikasema, "Onchiri, ni hadithi tu."

Alitikisa kichwa pole pole. "Basi ni wewe," akasema. Akavaa kofia.

Nilirudi darasani nikafundisha ngeli ya mahali nikiwa sijui nasema nini. Nilikuwa nimekasirika kwamba ulichukua maisha yangu ukayatoa bila kuniuliza, na kumbe maisha ya Onchiri niliyachukua zamani, nikayatoa kwako, bila kumwuliza. Baba yangu alininyamazia, nikaumia mpaka leo. Mimi sikunyamaza tu, nilisema uongo. Nikikulaumu sasa, na bado nakulaumu, nakulaumu nikiwa nimekaa upande mmoja na wewe.

Sikuombi uifute hadithi. Sikuombi hata uniandike vizuri. Najua zimebaki sehemu chache na wasomaji wanapiga kelele, nusu wanataka yule mwanamke afe amfuate mumewe, nusu wanataka apate mwanaume wa kweli. Utaandika upendavyo, na mimi nitaisikia kwa Moraa wakati wa chai kama kila mtu. Lakini usiandike neno jingine juu ya fundi huyo bila kujua ni nani. Huko utaombwa hadithi nyingi za wafu wanaopendwa, na utazipata, kwa sababu watu wamejaa vitu hivyo na wanavitoa wakiwa wagonjwa, wakiwa wamechoka, wakiwa wanakupenda. Chukua. Sijui mwandishi anaishije bila kuchukua. Ila ukiulizwa umetoa wapi, usimfanye mtu aliyekupa kuwa hewa. Niliumia pale kuliko kwenye kiatu.

Nasikia mvua inapungua. Nitaweka barua hii juu ya sanduku lako, uisome kabla hujashuka mjini asubuhi, hata kama chai itapoa.

Jambo la mwisho ni hili, na nimelifanya bila kukuuliza, kwa hiyo una haki ya kunikasirikia. Tulipanga nikusindikize hadi Nairobi, nikuone ukipanda basi la Dar. Sitakuja. Juzi jioni nilikwenda Suneka, nikamkuta karakanani, nikamwambia mbele ya mkewe maneno niliyopaswa kumwambia pale shuleni. Kisha nikampa nafasi yangu kwenye basi, ile ya kando yako. Ni safari ndefu, mna wakati wa kutosha, na yeye si mtu wa maneno mengi. Utamwona kituoni Kisii, amevaa koti la kanisani, na atakuwa mwoga kuliko wewe. Kama hutaki kukaa naye, mwambie tu. Ameniahidi kwamba utakapomwambia aondoke atarudi Suneka bila neno lolote, na namwamini, kwa sababu mimi nilimwambia hivyo mara tatu na mara zote tatu alifanya hivyo.

Mimi nitakuaga hapa mlangoni.

Mama yako